Nimekuta mke mwingine wa babu kwenye vitabu vya kanisa vya Norwei. Nimwambie baba mkwe?

Shikamoo mama. Naomba unisome kwa uvumilivu, maana jambo hili sina wa kumwambia hapa nilipo.

Kwetu ni Iringa, nimeolewa Minnesota, Marekani, kwenye ukoo wenye asili ya Norwei. Mimi na mume wangu tulifahamiana kupitia Bega kwa Bega, ushirika wa Dayosisi ya Iringa na sharika za Kilutheri za eneo la Saint Paul. Tuna watoto wawili, na juu ya ndoa yangu sina malalamiko.

Mambo yameanzia kwa baba mkwe, mzee wa miaka 84 ninayempenda kama baba aliyenizaa. Alipokuja kwetu wakati wa posa alimsikia baba yangu mkubwa akiutaja ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule babu aliyehamia kijijini na mifugo yake. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Mwaka jana, watu wa huku walipoadhimisha miaka 200 tangu meli ya Restauration ilipotoka Stavanger mwaka 1825 na wahamiaji wa kwanza wa Norwei, aliniita akanikabidhi boksi la picha na Biblia ya Kinorwei iliyochanika mgongo. Akasema, "Wewe umelelewa na watu wanaojua wametoka wapi. Nisaidie na mimi nijue kabla sijafa." Nikakubali kwa moyo mmoja.

Habari wanayosimuliana wao ni hii. Babu yake, ambaye nitamwita Ole, alikuwa mtoto wa kwanza kwenye shamba kubwa la bonde la Gudbrandsdalen. Shamba nitaliita Haugen, na ndilo jina la ukoo mpaka leo. Kwa mila ya huko wakati ule mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyekuwa na haki ya kurithi shamba, lakini Ole alimwachia mdogo wake, akapanda meli mwaka 1893, akaja kulima ngano Otter Tail County, hapa Minnesota. Akaoa mwaka 1899, akazaa watoto sita, akafa mwaka 1938, kabla baba mkwe hajazaliwa. Kila Krismasi habari hii lazima isimuliwe, na anayeisimulia ni mzee mwenyewe.

Mama, vitabu vya usharika na sensa za zamani za Norwei viko mtandaoni, bure, kwenye hifadhi yao iitwayo Digitalarkivet. Mwandiko wa zamani niliusoma herufi kwa herufi mpaka ukazoeleka. Nilichokuta ni hiki. Ole alibatizwa mwaka 1868 kama mtoto wa nje ya ndoa. Mama yake alikuwa mtumishi kwenye shamba la Haugen. Sensa ya 1875 inamwonyesha mtoto huyo na wazazi wa mama yake, kwenye kibanda cha watu waliopewa kipande cha ardhi pembezoni mwa shamba hilo wakakilipia kwa kumfanyia kazi mwenye shamba. Mwaka 1890 alioa. Mwaka 1891 walibatiza binti. Mwaka 1893 daftari la wahamiaji la polisi wa Christiania, mji unaoitwa Oslo leo, linamwonyesha akiondoka peke yake kwenda Minnesota.

Sensa ya Norwei ya 1900 inamkuta yule mke kwa wazazi wake, na binti yake, ameandikwa ameolewa. Wakati huo Ole alikuwa ameshaoa hapa mwaka mmoja nyuma. Sensa ya 1910 inamwandika yule mama mjane. Ole alikuwa mzima wa afya, na alibaki na miaka 28 ya kuishi.

Nilipoweka majina haya kwenye mti wa ukoo mtandaoni, mama mmoja wa Norwei akaniandikia. Ni mjukuu wa yule binti wa 1891. Ni mstaarabu sana, hadai kitu. Ananiambia bibi yake aliweka maisha yake yote picha ya mwanamume mwenye masharubu, imebandikwa kwenye kadi ngumu, na chini ya kadi umegongwa mhuri wa studio ya Fergus Falls, mji wa hapa hapa Otter Tail County. Nyuma hakuna neno. Anauliza kama sisi tunamfahamu mtu huyo. Nilipoifungua picha kwenye simu nilikaa chini. Ni masikio ya mume wangu yale yale.

Sasa mwezi wa saba familia nzima inasafiri kwenda Norwei, tiketi zimeshakatwa. Mzee yuko gereji anachonga ubao wa mwaloni wenye jina Haugen, awape wenye shamba kama zawadi ya ndugu kwa ndugu. Dada yake, shangazi wa mume wangu, ambaye tangu mwanzo hakunikubali sana, alishasema mbele za watu kwamba mambo ya ukoo wao yangeshikwa na mtu wa damu yao. Nikilisema hili, mimi ndiye niliyetoka mbali nikaja kumvua babu yao nguo. Nikinyamaza, namwangalia mzee akienda kukumbatia watu wasio ndugu zake, na ndugu wa kweli yuko mwendo wa saa moja kutoka hapo, ana picha mkononi. Na yule mke aliyeachwa, je? Naota habari zake.

Mume wangu hajui bado. Nifanye nini, mama?

Mkamwana, Minnesota

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umebeba mzigo huu kwa heshima, na hilo nimeliona kabla ya jingine lolote. Mtu mwingine angeshaliropoka mezani.

Nikikuelewa vizuri, mzee alikutuma umtafutie asili yake. Ulichopata hakifanani na kile anachokisimulia, safari iko mlangoni, upande wa pili wa bahari yuko ndugu anayesubiri jibu, na wewe unajiona huna nafasi ndani ya ukoo ya kulisema jambo hili. Unaniuliza kusema au kunyamaza. Kabla ya hapo, nikubalie nikuulize mambo machache, kwa sababu naona umeshayafunga ambayo bado yako wazi.

La kwanza ni lile jina. Unaliona kama uongo, mtoto wa mtumishi kujiita kwa jina la shamba kubwa. Lakini Wanorwei wa vijijini wakati ule hawakuwa na jina la ukoo kama tunavyolielewa sasa. Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen, dada yake akaitwa Hansdatter, na jina la shamba liliongezwa kuonyesha mtu anakaa wapi. Akihama shamba, anaweza kuliacha jina hilo akachukua la huko aendako. Sheria ya kuwataka watu wawe na jina moja la kudumu la familia ilikuja mwaka 1923, Ole akiwa ameshamaliza miaka 30 Marekani. Alipofika Minnesota akaulizwa jina, akataja alikotoka. Mtoto aliyelelewa kwenye kibanda cha pembezoni mwa Haugen alikuwa na haki ya kusema ametoka Haugen. Habari ya kumwachia mdogo wake urithi inaweza kuwa iliongezwa baadaye na watoto au wajukuu walioliona jina, wakajua mila ya mtoto wa kwanza, wakaziba pengo wenyewe. Hujui kama Ole aliwahi kuitamka. Mimi nisingemwita mwongo bado.

Tena majina kama hilo yako kila bonde, na bonde moja linaweza kuwa na mashamba kadhaa yenye jina moja. Je, shamba alilowasiliana nalo mzee ndilo lile la kwenye kitabu cha ubatizo? Hukuniambia. Hilo liangalie hata kama utaamua kunyamaza, kwa sababu tiketi zimeshakatwa.

La pili ni mke wa kwanza. Barua yako imeshatoa hukumu kwamba aliachwa, na huenda ni kweli. Lakini tazama huo mwaka wa 1893. Ilikuwa kawaida mwanamume kutangulia, afanye kazi, kisha anunue tiketi huku Marekani na kuituma nyumbani ili mke na watoto wafuate. Huyu wako alifika mwaka ule ule uchumi wa Marekani ulipoanguka, mabenki yakafungwa, bei ya ngano ikashuka. Inawezekana tiketi ilikusudiwa na haikupatikana. Inawezekana mke alikataa kuvuka bahari. Inawezekana pia alichoka na ndoa akaenda zake. Vitabu vya usharika vitakuonyesha kwamba mtu aliondoka. Sababu ya kuondoka huwa haiandikwi.

Na talaka je? Mahakama za Minnesota zilikuwa zikitoa talaka kwa mtu ambaye mwenzake yuko mbali, na tangazo likachapishwa gazetini badala ya kumfikishia samansi mkononi. Mwanamke aliye Gudbrandsdalen angewezaje kuliona gazeti la Minnesota? Kwa hiyo yawezekana kabisa Ole alikuwa huru kisheria mwaka 1899 na mkewe hakujua. Kumbukumbu hizo hutafutwa mahakamani kwenye kaunti, na wewe uko jirani nazo. Hili halimpunguzii yule mama uchungu, lakini linabadilisha sana kile utakachomwambia mzee kuhusu ndoa iliyomleta baba yake duniani.

Kuhusu neno mjane katika sensa ya 1910, nalo lishike kwa uangalifu. Karani aliandika alichoambiwa. Huenda zilifika habari za uongo kwamba Ole amekufa. Huenda pia mwanamke aliyekaa miaka 17 bila mume, kwenye kijiji ambako kila mtu anajua habari za kila mtu, alichagua neno lililomwachia heshima yake. Nikifikiri hivyo namwonea huruma sana, na naelewa kwa nini unamwota.

Sasa kuna picha. Mwanangu, umeitaja kwa sababu ya masikio, mimi nimesimama kwenye mhuri wa Fergus Falls. Picha ile ilipigwa baada ya Ole kufika, ikavuka bahari kurudi. Kama ni yeye, kuna siku alivaa vizuri, akaenda mjini, akalipa studio, akaituma. Ilitumwa kabla ya ndoa ya 1899 au baada? Studio za zamani hufuatiliwa kwa anwani na miaka zilizofanya kazi, na makumbusho ya historia ya Otter Tail yako pale pale Fergus Falls. Nenda na nakala ya picha. Mtu aliyetuma picha mwaka 1894 na aliyetuma mwaka 1905 si watu wenye habari moja.

Unaandika pia kana kwamba hakuna anayejua. Una hakika? Karani wa sensa ya Marekani ya 1910 alitakiwa kuandika, kwa kila aliye kwenye ndoa, kama ndoa hiyo ni ya kwanza au ni ya pili na kuendelea. Mtafute Ole katika sensa hiyo, utazame alama iliyo kwenye safu ya hali ya ndoa. Ikiwa 1, hatujifunzi sana. Ikiwa 2, basi mtu wa nyumba ile, pengine mke wa pili mwenyewe, alimtajia karani bila kuficha, na inawezekana watoto wake walikua wakijua. Mara nyingi wazee wanayajua mambo haya, wameyakalia tu. Siwezi kukuapia kwamba baba mkwe ni mmoja wao. Lakini hebu fikiri, kwa nini mzee wa miaka 84 amkabidhi boksi mkamwana aliyetoka Iringa, na ana dada na watoto wake wa kuwazaa? Wewe unasema ni kwa sababu ya ile siku ya posa. Pengine. Pengine pia alitaka mtu atakayeangalia bila kuogopa kile atakachokiona.

Kuhusu aibu ya kuzaliwa nje ya ndoa na ya kibanda, nikwambie kwa upole kwamba hapa naona woga wako kuliko wao. Watu wa Norwei mwaka 1801 walikuwa chini ya 900,000, na kufika mwaka 1900 walishapita milioni mbili, kwenye nchi ya milima na misitu ambayo ardhi yake ya kulima ni kidogo mno. Karibu watu 800,000 waliondoka kwenda Amerika ya Kaskazini katika karne moja, na wengi wao walikuwa watumishi, vibarua na watoto wa vibanda kama Ole. Mtoto wa mtumishi aliyekuja kumiliki shamba lake mwenyewe la ngano ni habari ambayo wajukuu wengi wangeisimulia kwa fahari. Kwa mzee wako itategemea na namna itakavyomfikia, na ikimfikia kutoka kwa nani.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mumeo hajui. Katika jambo hili la babu umemtaja kwa masikio yake tu. Mwanangu, damu hii ni yake, na ni ya watoto wako. Ukienda kwa mzee kwanza, au kwa yule mama wa Norwei, mumeo atalisikia la kwao kutoka pembeni, na hapo ndipo lile neno la shangazi kuhusu mtu wa damu litapata pa kushikia. Ukianza na yeye kuna hatari pia. Anaweza kusema lizikwe, na wewe utabaki na siri ya watu wawili badala ya mmoja. Anaweza kukimbilia simu ampigie dada yake usiku huo huo. Wewe ndiye unayemjua. Ila sioni njia yoyote kati ya hizi inayopita vizuri bila yeye kuwa ndani yake.

Ukinyamaza mpaka baada ya safari, mzee atapata furaha yake ya Haugen, na katika umri wake hiyo si kitu kidogo. Lakini yule mama wa Norwei naye ana mtandao. Majina umeshayaweka hadharani. Anaweza kumwandikia mzee au shangazi moja kwa moja, kwa nia njema kabisa, na ikajulikana kwamba wewe ulijua tangu zamani. Wenye shamba nao wanaweza kuwa na kitabu cha historia ya kijiji chao. Wilaya nyingi za Norwei wameviandika, shamba kwa shamba, vizazi vyote vya waliokaa. Mzee akifunguliwa kitabu hicho mezani, mbele ya wajukuu, asilione jina la Ole kwenye orodha ya watoto wa nyumba, nani atakuwa karibu naye kumshika mkono?

Ukisema kabla ya safari, anaweza kuvunjika moyo akaghairi. Anaweza kukasirika, na hasira ya mzee huwa inamwangukia mleta habari kwanza. Au akakaa siku mbili tatu kimya, kisha akauliza yule mama anaishi wapi.

Kati ya hizo mbili iko njia ambayo wengine wameipita, nayo ni kumpa mzee vile vitabu vyenyewe badala ya kumpa hitimisho lako. Unachapisha ukurasa wa ubatizo wa 1868 kwa herufi kubwa, mnakaa wawili, na mumeo kama amekubali, unamwonyesha mstari mmoja na unanyamaza. Anayetaka kuendelea na ukurasa unaofuata ni yeye. Kuna wazee watakaosema basi, inatosha, funga. Ukichagua hivyo ujue kwamba utalazimika kuheshimu akisema funga, na kwamba ndugu wa Norwei atabaki bado anasubiri. Je, utaweza?

Huyo ndugu usimwache hewani. Ukimya wa Minnesota familia yake inaujua tangu mwaka 1893. Unaweza kumwandikia kwamba picha umeiona, kwamba unaamini ni mtu mmoja na wa kwenu, kwamba bado unahakikisha, na kwamba kuna mzee unayemtayarisha. Umwombe asimtafute mtu mwingine kwanza. Hapo hujavunja siri ya mtu wala hujamdanganya. Na muulize kama picha hiyo ilikuja na barua, au na fedha, na kama bibi yake alisema lolote juu yake. Yeye ana nusu ya habari ambayo wewe huna.

Kabla ya lolote, mwanangu, hakikisha mnyororo haujakatika popote. Majina ya kina Ole yanafanana mno. Linganisha tarehe ya ubatizo na ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kaburi na kwenye kitabu cha usharika wake wa Otter Tail, kwa kuwa sharika za Wanorwei wa Minnesota mara nyingi ziliandika mtu alizaliwa lini na wapi. Tazama hati za uraia. Tafuta tangazo la kifo la 1938, hata kwenye magazeti ya Kinorwei ya Marekani kama Decorah-Posten. Ukikwama, kule Madison, Wisconsin, kuna maktaba ya Naeseth ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya nasaba za Wanorwei wa Marekani, na wanausoma mwandiko ule bila kusita. Ukimfikia mzee ukiwa na shaka, shangazi ataiona shaka hiyo kabla yake.

Mengine yote yanahitaji muda, kuandika barua na kusubiri. Sensa ya 1910 iko wazi na unaweza kuifungua leo. Ungeifungua pamoja na mumeo, naye akamtafuta babu wa baba yake kwenye ukurasa ule, mngekuwa mmeanza. Niandikie unijulishe mmekuta alama gani.